Hayati Edward Saidi Tingatinga na Kipande cha Futi Mbili

Ndugu Mhariri aliponiandikia akiniomba maisha ya mtu mashuhuri kwa toleo hili la mkutano wetu, alinipa uhuru wa kumchagua nimtakaye, mradi awe amekwisha kufariki zamani. Katika matoleo yaliyopita tumesoma habari za watemi, za wamisionari, za wapigania uhuru na za mabingwa wa elimu. Wote hao wanastahili. Safari hii mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa na cheo chochote, hakuiona sekondari, na ambaye alishika brashi kwa miaka minne tu kabla ya kufa. Nimemchagua kwa ajili ya wanafunzi walioko shuleni sasa, hasa wale ambao wakati wa masomo ya jioni hujaza majalada ya madaftari yao kwa michoro, mwalimu wa zamu akipita hugeuza ukurasa.

Mmoja wao alinifuata mwaka jana tulipokuja kukabidhi vitabu. Ni kijana wa kidato cha tatu, mkono wake ni thabiti kuliko wa watu wengi wanaolipwa kuchora mabango pale mjini. Alinionyesha picha za wachezaji mpira wa Ulaya na za vikaragosi vya Kijapani, vyote alivinakili kutoka katika simu ya kaka yake. Alisema kwamba kila mtu humsifu kwa kuwa picha zimefanana sawasawa na zile za asili, lakini hapana hata mmoja aliyepata kumwambia kuwa hii ni kazi yake. Akaniuliza mtu hufanyaje hata akapata mtindo wake mwenyewe. Gari la Biharamulo lilikuwa linapiga honi, kwa hiyo nilimjibu kwa maneno mawili matatu. Haya ndiyo majibu marefu. Mimi si msanii. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni ya mafaili. Lakini habari za Tingatinga nimezifuatia kwa zaidi ya miaka 20, na nadhani swali la kijana yule limejibiwa ndani ya maisha ya mtu huyu kuliko ndani ya vitabu vingi vya sanaa.

Kwanza jina. Siku hizi ukimtajia mtu wa Ngara neno tingatinga, atafikiria mtambo ule wa kuchonga barabara. Lakini kwa marehemu lilikuwa jina la ukoo tu, alilopewa na baba yake kama wengine wetu tulivyopewa yetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi, katika mkoa tunaouita leo Ruvuma. Baba yake alikuwa Mngindo na Mwislamu, mama yake Mmakua na Mkristo, na dini zote mbili zinaonekana katika majina yake. Tunduru ya siku zile ilikuwa nchi ya pori, ya tembo na simba, mbali na reli na mbali na bandari. Alipata elimu kidogo ya misheni, kisha akafanya kama walivyofanya vijana wengi wa rika lake, yaani kwenda kutafuta kazi ya mshahara.

Alikwenda Tanga katikati ya miaka ya 1950 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Sisi wa huku tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Babu zetu walikwenda kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa ya watu wengine, na wengine waliishia Tanga hukohuko kama manamba, wakakata majani yaleyale yenye miiba. Hivyo msidhani kwamba namzungumzia mtu wa nchi ya mbali. Kama angalizaliwa Bugufi au Rusubi badala ya Tunduru, historia ya ujana wake isingalibadilika sana.

Kutoka Tanga alihamia Dar es Salaam kabla ya Uhuru, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 maofisa wale walianza kufunga mizigo, na watumishi wao wakabaki kujitafutia. Tingatinga alifanya kazi za mkono hapa na pale, akauza mboga na matunda, na jioni alikuwa mtu wa muziki na ngoma, akijulikana kwa hilo miongoni mwa wenzake waliotoka kusini. Alimwoa Agatha Mataka. Huyo mama mkumbuke, kwa sababu bila yeye huenda tusingalisikia jina la mumewe.

Sasa tunafika mwaka 1968. Tingatinga ana umri wa miaka 36. Hajawahi kuuza picha. Hajaingia chuo cha sanaa wala hana mwalimu. Mjini Dar es Salaam wakati huo zilikuwapo picha zilizochorwa na wachoraji kutoka Kongo, ambazo wageni walizinunua kwa bei nzuri. Inasimuliwa kwamba Tingatinga alizitazama, akasikia bei zake, akajiambia kuwa kazi ile na yeye angaliiweza. Mimi huipenda sana sehemu hii ya habari zake. Tumezoea kuambiwa kwamba msanii huanza kwa sababu roho yake inawaka moto. Huyu alianza kwa sababu kulikuwa na kodi ya chumba na unga wa kununua, na hilo halikuipunguzia kazi yake thamani hata chembe.

Hapa ndipo naomba wachoraji wa shule yetu wasome polepole, maana jambo lenyewe liko katika vitu vidogo.

Mtu anayetaka kuchora kama wachoraji wa Ulaya anahitaji turubai, rangi maalumu za mafuta na brashi za namna nyingi. Tingatinga hakuwa na fedha za kununua vitu hivyo, na hata madukani ni vichache vilivyokuwapo. Alichokiona ni hadibodi, zile mbao nyembamba laini ambazo mafundi hupigilia darini. Bodi nzima huwa na futi nne kwa nane. Ukiikata vipande vya futi mbili kwa mbili unapata vipande 8 bila kubakiza hata kitambaa cha kufutia brashi. Kwa rangi akachukua ile ya mafuta ya kung'aa, iliyouzwa katika makopo madogo kwa ajili ya baiskeli. Basi, karakana imekamilika.

Rangi ya baiskeli ina tabia yake. Aliyewahi kupaka fremu ya baiskeli anajua: haipendi kuchanganywa na kusuguliwa ili itoe vivuli vinavyofifia kidogo kidogo. Ukiilazimisha inakuwa tope. Inapenda kumiminwa safi, nyekundu ikae nyekundu, buluu ikae buluu, na ukitaka kuweka rangi juu ya rangi sharti ungoje ya chini ikauke. Kwa hiyo Tingatinga alipaka kwanza kipande chote rangi moja, akakiacha kikauke. Juu yake akaweka umbo la mnyama kwa rangi nyingine, akangoja tena. Mwishowe akaweka madoadoa, mistari, jicho, ukucha. Ndiyo maana mnyama wake anasimama mbele ya uwanja mtupu, bila milima ya mbali, bila kivuli chini ya miguu.

Kisha kuna ule mraba. Chui ni mnyama mrefu. Ukimchora alivyo ndani ya kipande cha futi mbili kwa mbili, unabakiwa na nafasi kubwa juu na nafasi kubwa chini. Tingatinga alimkunja. Alimgeuza kichwa kitutazame, mkia akaupandisha ukazunguka mpaka kona ya juu, tumbo akalivimbisha, nafasi ikajaa. Nyati, tembo, fisi, ndege juu ya tawi, wote aliwatendea vivyo hivyo. Mara chache alichora watu. Mtu aliyesoma kanuni za uchoraji angalisema vipimo vya mnyama ni vibaya, na angalikuwa anasema kweli kuhusu mnyama. Kuhusu picha angalikuwa amekosea.

Jambo la tatu lilikuwa mnunuzi. Kule Oysterbay, karibu na maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, wageni wengi walikuja kununua mahitaji yao: wanabalozi, wataalamu wa misaada, walimu. Hapo ndipo picha zilipotandazwa, na Mama Agatha ndiye aliyeshughulika na uuzaji mumewe akichora. Mgeni wa namna ile atarudi kwao kwa ndege. Anataka kitu kinachoingia katika sanduku, kinachoeleweka kwa mtazamo mmoja, na kinachomkumbusha Afrika. Mnyama mmoja juu ya kipande cha futi mbili alitimiza mambo yote matatu.

Mkijumlisha ubao wa dari, rangi ya baiskeli, mraba na sanduku la mgeni, mtaona kwamba mtindo wa Tingatinga kwa sehemu kubwa ni orodha ya vitu alivyonyimwa. Lakini tahadhari. Watu wengine katika mji uleule walinyimwa vitu vilevile na hawakuchora chui wake. Kitu kilichobaki ni kumbukumbu. Yule alikuwa mtoto wa Tunduru. Wanyama hakuwahitaji kuwatafuta katika kitabu.

Wataalamu wamebishana sana juu ya asili ya mtindo huu. Wako wanaosema aliutoa katika desturi ya kwao ya kuchora juu ya kuta za nyumba za udongo. Hoja hiyo si ya kubuni tu: Mjerumani Karl Weule, aliyesafiri pande za Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta michoro kama hiyo na akakusanya mingine iliyochorwa na wenyeji wenyewe kwenye karatasi. Wengine hukataa, wakisema mtindo huu ulizaliwa mjini, sokoni, na kwamba habari za kuta za kijijini ziliongezwa baadaye ili kuwafurahisha wanunuzi wanaopenda mambo ya asili. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinamtaka Tingatinga awe amechukua mtindo mahali fulani, kama mtu anavyochukua koti msumarini. Mimi naona aliupata kwa kuchora mnyama yuleyule mara mia. Mara ya kwanza alimchora kwa sababu ameuzika. Mara ya thelathini mkono ulikuwa umekwisha kujua njia zake, ukaanza kuchagua wenyewe.

Kuna mtu ambaye afaa kuwekwa kando yake ili tusidhani kwamba mtindo huja kwa wasiosoma peke yao. Huyo ni hayati Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Ntiro alisoma Makerere chini ya Bibi Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo kile, kisha akaenda Slade, chuo mashuhuri cha sanaa cha London. Baada ya Uhuru alikuwa balozi wetu Uingereza. Mtu wa namna hiyo alikuwa na kila nafasi ya kuchora kama Waingereza. Lakini alichora migomba, mavuno na shughuli za kijijini, watu wake wakiwa wafupi wanene waliosambazwa mlimani bila kujali sana kanuni za umbali. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalinunua picha yake inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Pombe ya ndizi, ndugu zangu! Sisi tunaoijua vizuri kuliko wao hatukupata kudhani kwamba ni jambo la kuchorwa.

Turudi kwa Tingatinga. Biashara ilipochangamka hakuweza kuimudu peke yake, akawaita jamaa na vijana wa kwao: Simon Mpata aliyekuwa ndugu yake, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda na Casper Tedo. Aliwafundisha kama fundi anavyowafundisha wanagenzi, kwa kufanya kazi mbele yao. Kampuni ya umma iliyoshughulika na kazi za sanaa ilianza kununua picha, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na dalili ya kipato cha uhakika. Wakati huohuo alipata pia kibarua katika hospitali ya Muhimbili. Hiyo ni habari inayofaa kukumbukwa na kijana anayetaka kuacha shule ili awe msanii: mwenye mtindo wake alikuwa bado ana kazi nyingine ya kumpa mshahara.

Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari pamoja na wenzake mjini Dar es Salaam, polisi waliwadhania kuwa wezi wanaotoroka. Walifyatua risasi, na Tingatinga akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40. Hakuwa mwizi. Hakuacha maandishi, wala shule, wala nyumba ya maana. Aliacha mjane, watoto, wanafunzi wachache, na picha ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kupanda ndege kwenda nchi za nje.

Kilichofuata ni sehemu ngumu ya habari hii, na ndiyo inayomhusu zaidi yule kijana wetu. Wanafunzi waliendelea. Jamaa wengine walikuja kutoka kusini wakajiunga. Mwaka 1990 wachoraji waliunda chama cha ushirika hapohapo Oysterbay, na jina la marehemu likawa jina la aina ya picha. Leo mtu huweza kununua picha ya Tingatinga Zanzibar, Arusha, hata Nairobi, iliyochorwa na mtu aliyezaliwa miaka 30 baada ya Tingatinga kufa. Mwaka 2010 mtindo huo ulitumika katika filamu za katuni za watoto zilizoonyeshwa na televisheni ya Uingereza. Ni heshima kubwa. Lakini jiulizeni, katika maelfu ya wachoraji hao, ni wangapi tunaowajua kwa majina yao?

Mwaka 2003 nilipokuwa nasoma Mlimani, siku za Jumamosi nilipanda daladala kwenda kuwatazama pale Morogoro Stores. Walikaa chini, makopo katikati, kila mmoja na ubao wake mapajani. Mchoraji mmoja wa makamo alinieleza utaratibu wa kujifunza. Mgeni huanza kwa kupaka rangi ya chini tu, mwezi baada ya mwezi. Kisha hupewa kujaza madoadoa katika mnyama aliyechorwa na mwingine. Mwisho huruhusiwa kuchora mnyama mzima. Nilimwuliza ni lini huruhusiwa kuchora kitu ambacho hakijachorwa na mtu yeyote pale. Alicheka, akasema kwamba hakuna anayekataza, ila kisichozoeleka hakinunuliwi, na jioni lazima mtu apeleke kitu nyumbani. Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananieleza hesabu.

Mnaona basi jinsi mambo yalivyogeuka. Vitu vilivyomlazimisha Tingatinga kubuni, yaani ubao ule, rangi ile na mnunuzi yule, ndivyo vilivyowalazimisha waliomfuata kurudia. Yeye hakukuta mtindo wowote pale mezani, wao waliukuta umepikwa na kupakuliwa. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi wa Tingatinga kwa kweli ilikuwa nzito kuliko ya Tingatinga mwenyewe.

Wako walioweza. Simon Mpata alihamia Kenya, akachora huko mpaka alipofariki mwaka 1984. Wanyama wake wakapata wapenzi wengi Japani, na hoteli moja ya watalii kule Maasai Mara inabeba jina lake. Alitoka katika mikono ya Tingatinga, lakini anayejua kutazama hamchanganyi na mwalimu wake. Mwingine ni George Lilanga, Mmakonde, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Huyu alianza kama mchongaji, akapata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, jumba lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Humo akaanza kujaribu uchoraji. Alitumia rangi za kung'aa kama wale wa Oysterbay, lakini hakumchukua chui wao. Alichukua mashetani ya kwao, yale aliyoyajua tangu alipokuwa akichonga, yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, akayatoa katika mpingo na kuyalaza juu ya ubao, yakicheza, yakigombana, yakipanga foleni kama binadamu. Alijifunza njia kwa jirani, lakini kitu cha kuchora alikileta kutoka kwake.

Najua mtasema hayo yote ni ya pwani na kusini, na huku kwetu Ngara na Biharamulo hatuna Oysterbay wala mashetani ya Wamakonde. Haya, simameni Rusumo, pale maji ya Ruvuvu na Kagera yanapokutana, mtazame ng'ambo. Nchi ile iliitwa Gisaka, ikiwa na wafalme wake kabla ya kumezwa na Rwanda katika karne ya 19. Simulizi za huko zinamtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyebuni mapambo ya kuta yanayoitwa imigongo. Alitumia nini? Mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, akayabandika ukutani kama matuta yenye pembe na mizunguko. Kisha akayapaka rangi nyeusi ya mimea na majivu ya maganda ya ndizi, nyeupe ya udongo wa kaolini, na nyekundu ya ardhi. Mwana wa mfalme, na kitu alichokitazama kilikuwa kinyesi cha ng'ombe! Kazi hiyo ilikaribia kupotea. Baada ya maafa ya mwaka 1994, yaliyojaza Ngara yetu wakimbizi kiasi ambacho wazee wa mkutano huu hawatakisahau, akina mama wa upande ule walijikusanya wakaifufua. Leo ukivuka daraja ukashika barabara ya Kigali, hufiki mbali kabla ya kuiona ikiuzwa Nyakarambi.

Na upande huu wa mto je? Tazameni vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka ambavyo mama zetu huwekea unga na zawadi za harusi. Ule mstari mweusi unaopanda kwa kona kona una hesabu yake, na kila mfumaji ana namna yake ya kuufikisha kileleni bila kukatika. Mwulizeni mmoja wao kabla hajazeeka. Udongo mwekundu uko kila kando ya barabara. Masizi yako jikoni. Ng'ombe wenye pembe ndefu wapo, na ukungu wa asubuhi juu ya vilima vya Bugufi upo, na boma la Wajerumani pale Biharamulo, na wapiganaji fahali wa mpira wa miguu wa kidato cha nne ambao hawajachorwa na mtu yeyote, ilhali wale wa Ulaya wamekwisha kupigwa picha milioni.

Sisemi kunakili ni dhambi. Tingatinga alianza kwa kutazama picha za Wakongo. Kijana yule aendelee kunakili mpaka mkono umtii kabisa. Ila kwa kila picha tatu za simu, afanye moja ya kitu alichokiona kwa macho yake, kisha kitu hichohicho akirudie wiki ijayo, na wiki inayofuata, kwa rangi aliyonayo. Asiulize kama kimefanana. Atazame ni mahali gani mkono wake unakosea kwa namna ileile kila mara. Huenda pale si kosa.

Kwa upande wetu, baadhi ya wanafunzi wa zamani tunaofanya kazi Dodoma tumechanga fedha kidogo. Siku ya mkutano tutaleta bodi nne za dari, zikiwa zimekatwa tayari vipande 32 vya futi mbili kwa mbili, na makopo ya rangi ya baiskeli ya namna sita: nyekundu, nyeusi, nyeupe, manjano, buluu na kijani. Vitawekwa katika karakana ya shule chini ya mwalimu wa zamu. Anayetaka ajiandikishe kwa kiranja mkuu. Brashi tumepata chache, kwa hiyo wengine watalazimika kutafuna ncha za vijiti kama tulivyofanya sisi tulipoandika majina ya mabweni.